Mdogo wangu aliharisha siku tatu, sasa hawezi kusimama. Je, tumbo linaweza kumpooza mtu?

#1 MwanaUsangu
Habari za jioni wadau. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, Mbeya.

Mdogo wangu ana miaka 27, fundi ujenzi. Mwezi uliopita yeye na wenzake watatu walikula chips kuku, usiku tumbo likamshika. Aliharisha siku tatu na homa juu. Akanywa maji ya chumvi na sukari, akapata nafuu, akarudi saiti. Siku kama kumi baadaye ndala ya mguu wa kulia ikawa inabaki nyuma, yeye anaendelea kutembea. Hakusikia kama imemvuka. Alicheka tu. Kesho yake vidole vyote vya miguu vikawa na ganzi. Keshokutwa akashindwa kupanda jukwaa, na jioni mwiko ukamdondoka mkononi mara mbili. Siku ya tano alikwama chooni, hawezi kunyanyuka.

Tulianzia zahanati ya jirani, akachomwa sindano za malaria na taifodi siku mbili, ulegevu ukazidi kupanda juu. Hapa tulipo sasa daktari amemgonga magoti kwa nyundo, hayakuruka hata kidogo. Amesema ni Guillain-Barré, wao wanaita GBS, na kwamba chanzo huenda ni lile tumbo. Mama anakataa, anasema ugonjwa wa tumbo haushuki miguuni. Baba mdogo anasema ni mkono wa mtu. Mimi ndiye ninayesaini karatasi. Wenye kuujua huu ugonjwa naomba mnieleze.

#2 SistaWaZamu
Pole sana kaka. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 14, hawa nimewauguza. Daktari wako hajakosea njia.

Kabla ya mjadala wa chanzo, fanya jambo hili leo. Mwambie avute pumzi moja kubwa, ahesabu kwa sauti bila kupumua tena katikati. Andika alipoishia. Rudia asubuhi na jioni. Ugonjwa huu hupanda kutoka miguuni, na ukifika kwenye misuli ya kupumulia mgonjwa hatapiga kelele, atakuwa anaongea vizuri tu na oksijeni ya kidoleni inasoma vizuri, kisha ghafla anachoka. Kati ya wagonjwa 10, wawili au watatu huhitaji mashine. Akishuka chini ya 20 mwite daktari saa hiyohiyo, usisubiri raundi ya asubuhi.

Angalizo: ukivuka kumi Kiswahili kinarefuka, "kumi na saba" inakula pumzi kuliko "saba". Kwa hiyo mlinganishe na nafsi yake ya jana, na wewe mwenyewe uhesabu pembeni yake kwa mwendo uleule.

Pia waulize kuhusu presha na mapigo ya moyo. Huwa vinapanda na kushuka ovyo.

#3 Kule_Kusini
Pole mkuu. Sipingi hospitali, lakini jibu swali moja. Walikula wanne kuku yuleyule. Kwa nini yeye? Baba mdogo wako ni mtu mzima, kaona mengi. Kwetu aliyepooza kuanzia chini tunamwita aliyekanyagishwa, na nimeshuhudia walioinuka bila chupa hata moja ya dripu.

#4 BintiMvita
Salaam kutoka Mombasa. Kwa mamangu ulianzia juu. Tumbo la kuendesha wiki moja, kisha siku ya Ijumaa akaniambia, "Mwanangu, mbona mko wawili wawili?" Macho hayakuzunguka, akisimama anayumba kama aliye mashuani, lakini mikono ina nguvu zake. Tulidhani ni kiharusi, picha ya kichwa ikatoka safi. Daktari akatwambia ni ndugu wa huohuo GBS, aina aliyoieleza Miller Fisher mwaka 1956: macho, kuyumba, na magoti kutoruka. Alirudi kama kawaida baada ya miezi mitatu. #3, mamangu naye aliinuka, tena alikuwa wodini kitanda cha dirishani. Wengi huinuka wenyewe ugonjwa ukishafika kilele. Huenda hao uliowaona ni katika hao.

#5 PipetiYaMtaa
Mimi ni wa maabara. Nitajaribu kumjibu mama yako, MwanaUsangu, kwa sababu swali lake ni la msingi: tumbo linashukaje miguuni?

Yuko bakteria anaitwa kampilobakta. Anakaa kwenye utumbo wa kuku bila kumdhuru kuku. Sisi tunampata kwa nyama isiyoiva, maziwa mabichi au maji machafu. Ganda lake la nje lina mafuta yaliyoshikana na sukari, na sukari hizo zimepangika karibu sawasawa na zilizo juu ya mishipa yetu ya fahamu, zinazoitwa gangliosidi. Sasa fikiria harusi. Walinzi wameambiwa wamtoe kila aliyevaa kitenge fulani kwa sababu wezi wamevaa hicho. Wezi wanatolewa, lakini walinzi hawajaambiwa waache, na shangazi wa bwana harusi naye kavaa kitenge hichohicho. Kingamwili zilizotengenezwa kumpiga bakteria zinaendelea kuzunguka wiki moja, mbili, tatu, zinaushambulia mshipa wa fahamu. Mishipa mirefu kuliko yote ni ya miguuni, ina sehemu nyingi za kupigwa, ndiyo maana mara nyingi inaanza kulia kwanza. Kwa hiyo tumbo halishuki. Damu ndiyo inayozunguka.

Hili halikutungwa mezani. Mwaka 1991 madaktari wa Kichina na Kimarekani waliandika kuhusu watoto wa vijijini kaskazini mwa Uchina waliokuwa wakipooza kila kiangazi, na wengi wao walikutwa na dalili za kampilobakta kwenye damu. Kisha Nobuhiro Yuki na wenzake Japani walionyesha ule mfanano wa sukari, na mwaka 2004 wakawadunga sungura mafuta ya huyo bakteria. Sungura wakapooza.

#6 MwanaUsangu
Ahsanteni. Sista, jana jioni alifika 26, leo asubuhi 24. Mimi nafika 37.

PipetiYaMtaa, mama nimemsomea habari ya kitenge, amenyamaza. Lakini kinyesi chake kilipimwa hapa na hakikuonyesha kitu. Na maji ya saiti yanatoka kwenye pipa linalojazwa mtoni. Wiki ileile nyumbani watoto wote walikuwa na mafua na kikohozi. Sasa ni kuku, ni pipa au ni mafua?

#7 PipetiYaMtaa
Kinyesi kuwa safi baada ya wiki mbili au tatu si ajabu, bakteria anakuwa ameshaondoka. Ndiyo ugumu wa ugonjwa huu, unafika polisi mwizi kashavuka mpaka. Kuhusu mafua, usiyafute. Kati ya wagonjwa watatu, wawili hukumbuka kuugua tumbo au kifua wiki chache kabla. Kampilobakta anashika karibu theluthi moja, waliobaki ni virusi na wadudu wengine wa kifua. Mimi ningesema kuku. Siwezi kuapa.

Na #3, hoja yako ya wanne ni nzito kuliko unavyodhani. Kati ya watu 1,000 wanaoharishwa na kampilobakta, wanaopata GBS hawafiki hata mmoja. Lazima wapatikane bakteria wa aina ile yenye sukari zile, na mwili wa namna fulani. Namna gani, hata wataalamu hawajaimaliza.

#8 Kule_Kusini
Basi tumekubaliana nusu. Nyinyi mnaniambia kilichompooza. Mimi nimeuliza kwa nini yeye, na mmesema hamjamaliza.

#9 MzeeWaJukwaa
Wadau mnazunguka mlima. Chanjo ya korona! Tulisema tangu 2021. Hiyo ya dozi moja iliyoletwa kwanza Tanzania, Wamarekani wenyewe walitoa onyo kwamba inaleta ugonjwa huu. Muulize kama alichanjwa.

#10 SistaWaZamu
Shikamoo mzee. Onyo lilitolewa kweli, Julai 2021, nisiseme uongo. Lilitokana na taarifa kama 100 kati ya dozi milioni 12 na nusu, na wengi waliugua ndani ya siku 42 baada ya kuchanjwa. Iko pia ya 1976 Marekani, chanjo ya homa ya mafua ya nguruwe: ilikadiriwa mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila waliochanjwa 100,000, na kampeni ikasimamishwa. Kwa hiyo chanjo imo kwenye orodha, chini kabisa. Kijana huyu kama alichanjwa 2021, siku 42 zimepita zamani.

#11 MwanaUsangu
Alichanjwa 2021, ndiyo. Jioni hii 23.

#12 Mswahili_Pune
Nasoma India, mji wa Pune. Januari 2025 tuliishi na jambo hili. Mtaa mmoja upande wa barabara ya Sinhagad watu wakaanza kuingia hospitali miguu imelegea, mmoja baada ya mwingine, wakapita 150 ndani ya wiki chache. Kwenye sampuli za wagonjwa walipata kampilobakta na norovirusi, kirusi cha kuharisha, na macho yote yakaelekea kwenye maji. Mwenye nyumba wetu alibandika karatasi mlangoni kwa mkono wake: chemsha, kisha chemsha tena. Kwenye kuku watu walisusa kabisa. Kwa hiyo mkuu usilisahau pipa. Wenzake wa saiti hakuna aliyesikia ganzi?

#13 MwanaUsangu
Nimepiga simu. Wawili waliharisha, ganzi hakuna. Nimewaambia waache yale maji.

#14 Muntu_wa_Kivu
Jambo bandugu. Huku Kongo tuko na ugonjwa unaitwa konzo. Mtu analala mzima, asubuhi miguu yote mbili imekataa. Sababu ni mihogo michungu ambayo haikulowekwa siku za kutosha, sumu yake inabaki, zaidi wakati wa njaa ambapo watu hawana nyama wala maharage. Hata kwenu Tarime uliwahi kuonekana miaka ya 80. Mumuulize kama alikula ugali wa muhogo. Madaktari wa mjini hawaujui.

#15 SistaWaZamu
Ndugu yangu wa Kivu, ahsante, huo wengi hawaujui na ni vizuri umeuleta. Tofauti iko kwenye nyundo. Konzo inakaza miguu, ukigonga goti linaruka kupita kiasi, mgonjwa anatembea kama aliyefungwa kamba. Na ganzi hakuna. Mdogo wa MwanaUsangu miguu imelegea, goti halijibu na alianza kwa ganzi. Vitu viwili tofauti.

Ukitaka kumshuku mwingine, mshuku upungufu wa potasiamu baada ya kuharisha. Huo unalegeza kweli, na ukipimwa damu unaonekana siku hiyohiyo. Ulipimwa?

#16 MwanaUsangu
Ulipimwa, ni sawa. Na leo wamechukua maji ya uti wa mgongo. Protini imepanda, seli za kinga hakuna.

#17 PipetiYaMtaa
Protini juu bila seli! Hicho ndicho Guillain, Barré na mwenzao Strohl walichokiona 1916 kwa askari wawili wa Ufaransa waliolegea katikati ya vita. Strohl jina lake limesahauliwa, masikini. Na Landry alikuwa ameshaueleza ugonjwa unaopanda tangu 1859, naye akaachwa.

#18 JembeNaNyundo
Mpeni predinisoloni bwana. Shemeji yangu alipewa vidonge hivyo kwa ugonjwa wa kinga, wiki mbili anacheza mpira.

#19 SistaWaZamu
Hapana, na hapa naomba nieleweke. Magonjwa mengi ya kinga hufuata predinisoloni, huu haufuati. Ulijaribiwa vizuri, vidonge havikusaidia. Vinavyosaidia ni viwili: kubadilisha plazma, yaani majimaji ya damu, au kudunga imunoglobulini, yaani kingamwili za watu wengine, kwenye mshipa, siku 5. Kimoja kati ya hivyo, kuviunganisha hakuongezi kitu. Na ni mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza ndipo penye faida kubwa. Shemeji yako huenda alikuwa na ule wa muda mrefu, unaozidi wiki nane. Huo ndio unaokubali vidonge.

#20 MwanaUsangu
Ndiyo wamesema imunoglobulini. Ana kilo 60, anatakiwa gramu 24 kwa siku. Chupa ni ndogo, za gramu 5, kwa hiyo chupa 24 zote kwa jumla. Famasi walinionyesha moja, nikaishika mkononi, inalingana na chupa ya dawa ya kikohozi. Tumeuza bodaboda yake, na mama ametoa pesa za kikoba. Daktari ameniambia ndani ya ile chupa mna plazma ya maelfu ya watu waliochangia damu.

Asubuhi 19. Nimemwita daktari kama ulivyosema, Sista. Chupa ya kwanza imeingia saa tano.

#21 MamaJamii_Kakamega
Nawasalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Kenya. Nataka wazazi mnaosoma uzi huu mjue kitu kimoja. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, hata kama kila mtu anaona ni GBS, lazima aripotiwe. Tunachukua kinyesi mara mbili, kati yake saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, kwa ajili ya kutafuta polio. Mwaka jana niliandamana na nyanya mmoja hadi kituoni na kinyesi cha mjukuu kwenye kisanduku cha barafu, amekipakata kama mayai. Kilikuja bila polio. Mtoto alikuwa na GBS na sasa anaenda shule.

#22 Mwl_Historia
Polio na GBS vimechanganywa hata Ikulu ya Marekani. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais baadaye, alipooza 1921 akiwa na miaka 39, dunia nzima ikaamini ni polio. Mwaka 2003 watafiti wakapitia dalili zake wakasema zinaelekea zaidi GBS. Wengine wakapinga, na hadi leo wanapingana.

#23 BintiMvita
Mwalimu, kama rais mwenyewe hatujajua aliugua nini, sisi tutamaliza la kuku wa Mbeya?

#24 Jiko_la_Bi_Tatu
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mie nauza kuku, na mnanitia hofu. Kuku wangu namuosha kwa limau mara tatu kabla ya kumkaanga. Huyo mdudu atapita wapi?

#25 PipetiYaMtaa
Bi Tatu, samahani, kuosha ndiko kunakomtembeza. Maji yakipiga kuku yanaruka hadi kwenye ubao, kisu, kachumbari. Limau halimuui. Moto unamuua, bila shida. Kuku mwache aive mpaka mfupani pasiwe na wekundu, na ubao wa kachumbari uwe mwingine kabisa.

#26 Jiko_la_Bi_Tatu
Kumpika kuku asiyeoshwa? Mama yangu angefufuka anichape. Lakini la ubao nimelichukua, leo nimenunua wa pili.

#27 MwanaUsangu
Wadau. Usiku alifika 11. Mate yalikuwa yanampalia. Saa nane wamempeleka chumba cha mahututi, yuko kwenye mashine. Kabla hawajamlaza aliniuliza, "Kaka, hii ndiyo inaisha hivi?" Sikuwa na jibu.

#28 SistaWaZamu
Kaka, amepelekwa kwa wakati, na hilo ni kubwa. Walio wengi hufika kilele ndani ya wiki mbili, karibu wote ndani ya nne, kisha panatulia. Wapo wanaofariki, kama 5 katika 100, sitakuficha. Wanaobaki ni wengi mno kuliko hao. Waulize kuhusu kumgeuza kila saa mbili na dawa ya kuzuia damu kuganda miguuni.

#29 Nilirudi2018
Nimejisajili leo ili nikuandikie wewe. Nilikuwa kwenye mashine siku 31.

Anasikia. Hilo ndilo nililokuja kukwambia. Macho yanaweza kuwa yamefumba kwa sababu kope hazina nguvu, lakini akili yote iko pale. Mimi nilisikia watu wawili juu yangu wakijadili kama kitanda kitapatikana wiki ijayo. Ingia umwambie ni siku gani, saa ngapi, nani kapiga simu. Mwambie ameshafika chupa ya ngapi.

Pili, anaumwa. Watu wanadhani aliyepooza hasikii. Shuka lilikuwa linaniunguza mapaja kama pasi, na mgongo ulikuwa unapasuka. Sikuweza kusema. Dada yangu ndiye aliyegundua: aliandika herufi kwenye boksi la dawa, akawa anapitisha kidole, nikikodoa juu anaandika. Neno langu la kwanza lilikuwa GEUZA. La pili MGUU.

Tatu, kurudi ni kwa milimita. Kilipoanza kurudi kitu kwangu kilikuwa ni shingo, kisha bega, miguu ya mwisho. Leo natembea. Bado nachoka mchana kwa namna ambayo sijaweza kumweleza mtu, na nyayo hazisikii vizuri, kwa hiyo navaa viatu vya kufunga kamba tu. Kwangu mimi hakukuwa na kuharisha kabisa, hata mafua sikumbuki. Kwa hiyo swali la #3 ninaishi nalo.

#30 Kule_Kusini
#29, nimekusoma mara mbili. MwanaUsangu, nilipoandika mwanzo sikujua hali itafika huku. Namuombea. Mwandikie boksi la herufi.

#31 Mama_Wawili_Tabora
Samahani kuingilia. Binti yangu wa miaka 9 aliumwa koo, miezi miwili baadaye mikono ikawa inacheza yenyewe, kalamu haishikiki, mwalimu akamchapa akidhani ni utundu. Je, ni hii?

#32 SistaWaZamu
Mama, hiyo si GBS, lakini ni ya ukoo huohuo: bakteria wa koo, streptokoka, na kinga inapiga sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo. Inaitwa korea ya Sydenham. Kucheza huko kwa mikono huisha kwenyewe kwa wiki au miezi. Kinachonitisha mimi ni moyo, kwa sababu bakteria huyohuyo huharibu vali. Mpeleke akapigwe eko, yaani picha ya moyo, wiki hii, atahitaji penisilini ya sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka. Na mwalimu apelekewe barua.

#33 MwanaUsangu
Nimerudi wadau, siku ya 26 tangu nilipoandika mara ya mwisho.

#29, boksi lilifanya kazi. Neno lake la kwanza lilikuwa MAMA, la pili NDALA. Hatukuelewa. Tukadhani amechanganyikiwa. Alipotolewa mashine Jumanne akaeleza: alitaka tumwambie kama ile ndala ya kulia iliokotwa, maana aliiacha saiti.

Baba mdogo alikuja na mtu wake, daktari akamruhusu akasome dua pembeni ya kitanda dakika kumi. Mama sasa anasema ni pipa. Wenzake wa saiti wanasema ni kuku. Miguu bado haijajibu, ila dole gumba la kushoto nimeliona likisogea, na wa mazoezi ya viungo amesema niliandike tarehe.

Sista, juzi alihesabu 9. Jana 12. Leo asubuhi 17, tena hiyo "kumi na saba" aliivuta yote.